Mafiga Matatu Si Mungu Mmoja

Ndugu wasomaji, nataka kusema neno juu ya desturi moja iliyoenea kwetu sisi walimu wa dini, nami naanza kwa kukiri kwamba mkosaji wa kwanza ni mimi. Kwa miaka mingi, kila nilipofika katika somo la Utatu Mtakatifu, naliwachukua wanafunzi wa ubatizo mpaka jikoni kwa mke wangu. Naliwaonyesha mafiga, ambayo wengine huyaita mafya, na chungu kikiwa juu yake, nikawaambia: "Tazameni, mawe ni matatu, bali meko ni moja. Ukiliondoa figa moja, chungu chaanguka. Ndivyo alivyo Mungu wetu." Wanafunzi wakaitikia kwa vichwa, maana ni nani asiyejua mafiga? Nami nikarudi darasani na furaha ya mtu aliyeangusha mti mgumu kwa pigo moja.

Leo nasema mbele ya wote kwamba mfano ule ni wa uongo. Sisemi kwamba ni mfano mpungufu, kwa kuwa mifano yote ina upungufu; nasema ni uongo, nao umewadhuru watu. Mafiga matatu ni mawe matatu. Kila moja liliokotwa mahali pake, kila moja lachukua sehemu yake ya mzigo, na hakuna hata moja ambalo peke yake ni meko. Mwenye kufundishwa hivyo, akiwa na akili timamu, atajifunza moja katika mambo mawili: ama kwamba Baba ni theluthi ya Mungu, na Mwana theluthi, na Roho Mtakatifu theluthi, ama kwamba iko miungu mitatu iliyopatana kuuchukua ulimwengu pamoja. La kwanza ni upuuzi, na la pili ndilo lile lile tulilowaambia wazee wetu waliache.

Nalitambuaje jambo hili? Si kwa kusoma vitabu. Alikuwako mama mmoja wa usharika wetu, mjane, aliyebatizwa akiwa mtu mzima sana, na mjukuu wake alishikwa na homa kali. Wakaniita usiku. Nikaomba pamoja nao, nami nilipokwisha kusema Amina, yule mama akanivuta kando akaninong'oneza: "Mwalimu, umemwomba Baba peke yake. Mbona Yesu hukumwomba? Baba ni mkali, ndiye aliyetaka damu. Yesu ndiye mwenye huruma, yeye angetusemea. Na yule wa tatu hukumtaja kabisa. Je, asipotajwa hakasiriki?" Nalisimama pale kama bubu. Moto ulikuwa ukiwaka, na mawe yale matatu yalikuwa mbele ya macho yangu. Katika ujana wake mama huyu alijua kwamba kila mzimu una haki yake, na ukiusahau mmoja katika tambiko, huo ndio utakaokudai. Mimi, mwalimu wake, nalimwondolea mizimu mingi nikampa mitatu mipya, nikaviita hivyo Ukristo. Mtoto alipona, Bwana asifiwe. Lakini swali la bibi yake halikuniacha.

Na kabla ya mwezi kwisha nikapigwa na upande wa pili. Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu, mtu wa adabu, ambaye mara nyingi tumeketi naye barazani pake jioni. Akaniambia kwa upole: "Mwalimu, watoto wenu wasema kwamba Mungu wenu ni kama mafiga. Mimi sikusoma kitabu chenu, lakini kuhesabu najua. Moja, mbili, tatu. Basi, kwa nini mwatuambia kwamba mwamwabudu Mungu mmoja?" Nikaanza kujitetea, kisha nikanyamaza, maana katika jambo hili la mafiga mzee alisema kweli. Kama hivyo ndivyo tunavyoamini, basi yeye ndiye ashikaye amri ya kwanza, na sisi ndio tuivunjao.

Sasa ndugu, tuliweke wazi lile tuliaminilo. Sisi si watu wa miungu mitatu waliojitahidi kuikaza iwe mmoja. Tulianza na Mmoja. Tazama katika Torati, Kumbukumbu mlango wa 6: Israeli waambiwa wasikie kwamba Bwana Mungu wao ni mmoja. Maneno hayo Wayahudi walikuwa wakiyasema asubuhi na jioni, na wako waliokufa wakiyatamka. Na Bwana Yesu, alipoulizwa na mwandishi mmoja ni ipi iliyo amri ya kwanza, hakuleta jambo jipya. Alijibu kwa maneno hayo hayo, kama Marko alivyoandika katika mlango wa 12. Basi yeyote asemaye kwamba Yesu alikuja kuongeza hesabu ya miungu, na ashindane na Yesu mwenyewe.

Tena angalieni ni nani walioanza kumwita Yesu Bwana na kuliitia jina lake katika sala. Hawakuwa Wayunani, ambao kwao mungu mmoja zaidi au mmoja pungufu halikuwa neno kubwa. Walikuwa Wayahudi: Petro, Yohana, Yakobo, na Paulo aliyekuwa Farisayo. Hao ndio watu ambao katika dunia nzima ya siku zile wangekuwa wa mwisho kumsujudia mtu. Wakorintho walipomwuliza Paulo juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, aliwajibu kwanza kwamba sanamu si kitu na kwamba hakuna Mungu ila mmoja. Ndipo, bila kuvuta pumzi, katika maneno yale yale ya umoja, akamtaja Mungu Baba ambaye vitu vyote vyatoka kwake, na Bwana mmoja Yesu Kristo ambaye vitu vyote vipo kwa yeye. (Ni 1 Wakorintho mlango wa 8, jisomeeni.) Hakumweka Kristo kando ya Mungu kama figa la pili. Alimweka ndani ya ungamo la Mungu mmoja. Na Bwana alipowatuma wanafunzi wabatize, katika Mathayo mlango wa 28, alitaja watatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, lakini hakusema majina, alisema jina.

Hapo ndipo palipo na ugumu wenyewe, nami sitaki kuuficha. Mungu ni mmoja. Mwana si Baba. Na Mwana ni Mungu. Mtu awezaye kuyashika maneno haya matatu kwa mkono mmoja bila kuliangusha hata moja, huyo ndiye Mkristo mnyofu. Mifano yetu yote hufanya kazi moja tu, nayo ni kuliangusha moja ili mkono upate kupumzika.

Wako walimu ambao, wakikimbia mafiga, husema: "Mimi ni mtu mmoja. Nyumbani ni baba, kwa mke wangu ni mume, shuleni ni mwalimu. Ndivyo Mungu alivyo." Mfano huu wapendeza kuliko ule wa kwanza, nao una umri mkubwa, Sabellius alifundisha jambo la namna hiyo huko Roma katika karne ya tatu, na Kanisa likalikataa. Kwa nini? Kwa sababu baba wa nyumbani hawezi kumwambia mwalimu wa shuleni "Wewe". Katika Yordani Yesu yu majini, Roho ashuka, na sauti kutoka mbinguni yamwambia Yesu "Wewe". Katika Gethsemane Yesu amwomba Baba ampitishie kikombe. Kama Baba ni Yesu aliyebadili kanzu tu, basi pale bustanini mtu alikuwa akisema na kivuli chake, na jasho lile lilikuwa mchezo. Mfano wa maji, barafu na mvuke ni huo huo katika nguo nyingine. Mfano wa yai sitaupotezea wino.

Lakini kosa la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo laja kwetu hata leo likigonga hodi mlangoni likiwa na kitabu mkononi. Lasema hivi: Baba peke yake ni Mungu; Mwana ni kiumbe cha kwanza, mkubwa kupita malaika wote, ambaye kwa huyo Mungu aliumba vingine. Mfano wake ni wa mfalme na waziri wake. Waziri hutenda kwa jina la mfalme, huheshimiwa kwa ajili ya mfalme, lakini si mfalme.

Mafundisho haya yalitoka katika bara letu la Afrika, na yalijibiwa katika bara letu la Afrika. Yafaa tuijue habari hiyo kama tujuavyo habari za koo zetu. Arius alikuwa kasisi katika mji wa Aleksandria huko Misri. Hakuwa mlevi wala mzinzi. Alikuwa mtu wa maisha magumu na maneno matamu. Yapata mwaka 318 akaanza kushindana na askofu wake, Alexander, akifundisha kwamba Mwana ana mwanzo, na kwamba alifanywa kutoka katika si kitu kama viumbe vingine vilivyofanywa. Tena alikuwa na hekima ya kuwafikia watu: yaandikwa kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, na za wasaga nafaka, na za wasafiri njiani, ili fundisho lake lipate kuimbwa kazini. Nawaomba wale wasemao kwamba mambo haya ni ya maaskofu tu, na mwanakijiji hayamhusu, wawakumbuke wanawake wa Aleksandria waliokuwa wakisaga huku wakiimba.

Mwaka 325 Kaisari Constantine akawaita maaskofu wakutane Nikea. Wakaungama kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, si kiumbe. Mwaka 2025 ilitimia miaka 1700 tangu ungamo lile, nasi tungali tukilisema, ingawa wengi wetu twalisema kama mtu asomaye barua ya mwingine. Pamoja na Alexander alikwenda shemasi kijana wa Misri, jina lake Athanasius, ambaye mwaka 328 alikuwa askofu badala yake. Watu hudhani kwamba baada ya Nikea mambo yalikwisha. La! Makaisari waliofuata wakageuka, na Athanasius akafukuzwa mara tano katika kiti chake. Katika miaka 45 ya uaskofu wake, yapata 17 aliiishi uhamishoni au mafichoni, pengine Ulaya ya mbali, pengine jangwani kati ya watawa.

Alikuwa akiteseka kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya neno moja la Kiyunani? Wako waliomcheka hivyo, nao hawakumwelewa. Neno lake, likisemwa kwa kifupi, ni hili: kiumbe hakiwezi kukiunganisha kiumbe na Mungu. Mtu akizama kisimani, mwenziwe aliyezama karibu naye hawezi kumtoa, hata kama kichwa chake ki juu zaidi kidogo. Kama aliyetufia msalabani ni kiumbe, hata kama ni cha kwanza na kizuri kuliko vyote, basi Mungu mwenyewe hakuja. Alituma mtu. Alibaki kwake juu, akatazama mwingine akiteswa. Na hapo, ndugu, ndipo nilipomwona tena yule mama wa usharika wetu na hofu yake. Waziri ni mwema, mfalme ni mkali, tumwombe waziri. Sikumfundisha Arius kwa kujua, lakini figa moja likiwa la huruma na jingine la hasira, safari ya kufika kwa Arius si ndefu.

Habari hii ina tawi lake huku kwetu mashariki, nami nalipenda sana. Rufinus asimulia kwamba vijana wawili Wakristo wa Tiro, Frumentius na Aedesius, walishikwa katika bandari ya bahari ya Shamu wakapelekwa katika nyumba ya mfalme wa Aksum, katika Uhabeshi. Frumentius akapata kibali, akawakusanya waumini, kisha akaenda Aleksandria kuomba askofu. Naye Athanasius akamwekea mikono yeye mwenyewe. Mfalme Ezana akaamini. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, na za baadaye zina msalaba. Yapata mwaka 356, Kaisari Constantius, aliyewapendelea wafuasi wa Arius, akamwandikia Ezana na ndugu yake Sazana barua kwamba wamrudishe Frumentius Misri akapimwe imani yake na askofu mpya aliyewekwa mahali pa Athanasius. Barua ile Athanasius mwenyewe alituhifadhia. Fikirini: Kaisari wa Roma, mwenye majeshi na merikebu, asumbuka kwa sababu ya mwalimu mmoja katika milima ya Uhabeshi, na yale awafundishayo watu juu ya Mwana wa Mungu! Lakini Kanisa la Uhabeshi halikumfuata Kaisari, na hata leo linaungama Nikea. Na lipo jiwe la Ezana lililochorwa kwa Kiyunani, ambalo maneno yake ya kwanza yaungama imani ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Sasa nataka kukaa kidogo nyumbani, katika lugha yetu, maana ina jambo ambalo watu hupita juu yake bila kuliona. Sisi tangu utoto twajua kwamba mti umeanguka, jiwe limeanguka, nyumba imeanguka, bali mtu ameanguka. Haya, litazameni jina Mungu. Kwa umbo lake ni ndugu wa mti na mto, kwa kuwa wingi wake ni miungu, kama miti na mito. Lakini ni nani aliyepata kumsikia Mswahili akisema "Mungu umesema"? Twasema Mungu amesema. Umbo ni la kitu, bali twamjua kuwa si kitu. Vivyo hivyo twasema roho yangu, roho nzuri, roho imetulia. Lakini katika sala twasema Roho Mtakatifu, wala si roho takatifu. Wako waandikao "roho takatifu", nao wajua wafanyalo: kwao ni nguvu tu, kama upepo wa kusukuma tanga.

Na la tatu ni kubwa kupita hayo. Neno ni wa jamii ya jiwe na jicho; twasema neno limesemwa, neno limesahauliwa. Ifungueni basi Injili ya Yohana, mlango wa kwanza, katika Biblia ya Muungano iliyotoka kamili mwaka 1952. Hamtaona "lilikuwako", mtaona "alikuwako". Hamtaona "nalo", mtaona "naye". Mtoto wa shule akiandika hivyo katika insha yake juu ya neno lolote jingine, mwalimu atatia wino mwekundu. Wafasiri hawakukosa. Katika Kiyunani jina lile ni la jinsi ya kiume kwa kawaida ya lugha, basi Yohana hakulazimika kuchagua. Lakini afasiriye hana budi. (William Tyndale, alipofasiri Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliandika katika aya ya tatu kwa namna ya kitu, wale wa mwaka 1611 wakaandika kwa namna ya mtu.) Wetu walipofika pale walisimama mbele ya swali lile lile la Nikea: Huyu aliyekuwa kwa Mungu tangu mwanzo, ni kitu alichokisema Mungu, au ni Mwenyewe? Wakaivunja sheria ya ngeli ili wasiivunje imani.

Mtu atasema kwamba sarufi haithibitishi Mungu. Najua. Wala sitaki mtu aichukue ngeli akaifanya mafiga mapya. Nasema tu kwamba mwanakijiji asomaye mlango ule kwa sauti, hata kama hajui jina la Arius, amekwisha kumjibu kwa kinywa chake.

Na lile jina Nafsi, ambalo Kanisa hulitumia, lafaa kuliko "watu". Walimu wasemao kwamba katika Mungu mna watu watatu na waache leo hii, maana watu watatu ni Petro, Yohana na Yakobo. Hata Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu, alikiri kwamba jina hili halitoshi, na kwamba twalitumia ili tusikae kimya kabisa. Mtu mkubwa namna ile hakuona haya kusema hivyo. Sisi twaona haya, ndiyo maana twakimbilia jikoni.

Sasa habari ya Neno kuwa mwili. Mzee jirani yangu aliniuliza: "Mwasema Mungu ana mwana. Mke wake ni nani?" Nalimjibu kwa lugha yake na yangu. Twasema mwanafunzi, twasema mwanamaji. Ni nani aliyepata kuuliza maji yalimwoa nani? Kuwa mwana si lazima kuwe kwa mwili. Sisi Wakristo twachukizwa kama yeye na mawazo kwamba Mungu alitwaa mke. Na kama yuko mtu adhaniye kwamba Utatu wetu ni Mungu na Mariamu na Yesu, twaukana Utatu huo pamoja naye. Lakini nalimwambia pia kwamba sikumaliza. Mwana, kwetu, si jina la heshima tu kama mwanamaji. Mtu huzaa mtu, hatengenezi mtu. Alichotengeneza ni jembe au mashua, kitu kisicho sawa naye. Twasema Mwana alizaliwa, hakufanywa, maana yake yote aliyo nayo Baba kwa asili, Mwana anayo. Mzee hakukubali, nami sikutazamia akubali mara moja, lakini alisema, "Sasa walau umesema neno ninaloweza kulikataa. Yale mafiga sikuweza hata kuyakataa, nalicheka tu."

Akauliza tena lile ambalo wengi huuliza: "Alipokuwa tumboni, na alipolala chomboni, ni nani aliyeushika ulimwengu?" Swali hili Athanasius aliulizwa, naye alijibu katika kitabu chake kidogo juu ya Neno kufanyika mwili, ambacho natamani kila mwalimu akisome. Alisema kwamba Neno hakufungwa ndani ya mwili kama maji ndani ya mtungi. Alikuwa katika mwili kweli, na bado alikuwa akivishika vyote. Mwili haukumpunguza, bali yeye aliutakasa mwili. Na njaa, na usingizi, na machozi kwenye kaburi la Lazaro? Vyote ni vyake kweli, kwa kuwa mwili ni wake kweli. Aliposema kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye, hakudanganya, wala hakuukana uungu wake. Alisema hayo akiwa katika hali ya mtumwa aliyoitwaa kwa hiari, kama Paulo awaelezavyo Wafilipi katika mlango wa 2. Mwaka 451 maaskofu huko Kalkedoni walijitahidi kulisema jambo hili kwa usahihi zaidi, kwamba asili mbili hazikuchanganyika wala hazikutengana. Ndugu zetu wa Misri na Uhabeshi hawakupendezwa na usemi ule, na utengano ule ni huzuni, lakini hata wao hawakukana kwamba Mungu kamili alikuwa mtu kamili.

Naja katika jambo ambalo kwangu ndilo hatari iliyo kubwa. Yule mama aliamini kwamba Baba alitaka damu na Mwana akamtuliza. Nani alimfundisha? Mahubiri yetu yamejaa hayo. Twamchora Baba kama mdai aliyekunja uso, na Yesu kama mtoto mwema ambaye asimama katikati apigwe yeye. Wapi tumeyasoma? Yohana, katika mlango wa 3, asema kwamba Mungu aliupenda ulimwengu, na kwa kuupenda akamtoa Mwana. Upendo watangulia msalaba, hauji baada yake. Paulo awaambia Wakorintho kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Nani alikuwa msalabani? Si mtu wa tatu aliyetumwa kumtuliza Mungu. Ni Mungu Mwana, kwa upendo ule ule mmoja alio nao Baba, maana hawana nia mbili. Filipo alipoomba aonyeshwe Baba, Bwana alimjibu kwamba amwonaye yeye amemwona Baba. Basi kule nyuma ya Yesu hakuna uso mwingine uliofichwa, ulio mkali kuliko wake.

Hilo ndilo nililomrudia yule mama kumwambia. Nilimkuta akipepeta mchele, na mjukuu akicheza uani. Sikumpa mfano. Nalimsimulia Yordani, kisha kaburi la Lazaro, kisha bustani. Nikamwambia: "Mama, ukimwomba Baba, hukumwacha Yesu, ukimwita Yesu, hukumpita Baba, na hata nguvu ya kufumbua kinywa umepewa na Roho. Hakuna atakayekasirika kwa kutotajwa, maana hujawaita watatu ukamsahau mmoja. Umemwita Mungu." Akaendelea kupepeta kwa kitambo. Kisha akasema, "Basi yule aliyelia kaburini kwa Lazaro ndiye aliyeniumba?" Nikasema, "Ndiye." Akasema, "Mbona hukuniambia kabla sijabatizwa?"

Wataniuliza walimu wenzangu: kama mifano yote waitupa, darasani tufanyeje? Nasema, simulieni. Mlango wa kwanza wa Yohana na usomwe mpaka wanafunzi waujue kwa moyo, na ile "naye" ielezwe. Habari ya Arius na Athanasius na Ezana na ifundishwe pamoja na habari za wafalme wengine. Ungamo la Nikea lisemwe polepole, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza, na mwalimu aruhusiwe kujibu "sijui" pale asipojua. Nami mafiga nimeyarudisha kwa mke wangu, ambaye alisema kwamba siku zote alishangaa kwa nini wanafunzi humkoroga uji wake. Mwenzangu aliye na mfano usioliangusha hata moja katika yale maneno matatu na auandike katika gazeti hili, nami nitamjibu.